Mtaa wa Kibiriti Hauna Watu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na wakubwa wangu wameniagiza nisisitize kwamba haifanani na nchi ya msomaji hata kidogo. Ikitokea msomaji ameona barabara yake humu, au amemtambua mbunge wake, basi kosa ni la msomaji na anaombwa ajirekebishe. Mimi ni mtangazaji wa Redio ya Taifa, Idara ya Habari Njema. Idara nyingine hatuna. Nimejaliwa sauti nzuri, na watu huniambia kwamba nikitangaza ukame, msikilizaji hutoka nje kuanua nguo.

Mambo yalianza pale Waziri wa Makazi Bora, Mheshimiwa Ngwali Mzee Ngwali, Profesa Mtarajiwa, aliporudi kutoka safari ya mafunzo ng'ambo. Huo uprofesa alijitangulizia mwenyewe ili kuokoa muda. Huko alikokwenda aliwaona watu wazima, wenye kazi na akili zao, wakiishi kwa hiari katika vijumba vidogo vyenye kitanda, jiko na ua moja dirishani. Alirudi amewaka.

"Ndugu wananchi," alisema uwanja wa ndege kabla hata ya kuteremka ngazi, "ukubwa ni ushamba! Mtu mwenye vyumba vingi hupoteza nusu ya maisha akitafuta miwani yake. Jengeni vijumba! Kijumba ni usafi, kijumba ni nidhamu, kijumba ni uzalendo wenye paa!"

Kampeni ikapewa jina la Kijumba Changu, Taifa Langu. Awali ilikuwa iitwe Nyumba Ndogo kwa Kila Mwananchi, ila wake za mawaziri walikuja juu, na Baraza likakubali kwamba katika eneo hilo viongozi wameshajitahidi vya kutosha. Mheshimiwa mwenyewe alibaki katika jumba lake la ghorofa, kwa unyenyekevu, ili wananchi wawe na kitu cha kulinganishia.

Watu wetu ni watiifu. Nyuma ya Wizara ya Makazi Bora, ng'ambo ya ukuta tu, palikuwa na kiwanja cha karakana ya zamani ya reli, pamejaa magugu na vyuma vilivyoota kutu. Wale waliokuwa wakipanga vyumba vya uani na kufukuzwa kila mwenye nyumba akibadilisha mawazo, walihamia pale wakaanza kujenga. Mabati, mbao za masanduku ya chai, milango ya mabehewa yaliyokufa, yote yalipata kazi. Vijumba vikasimama bega kwa bega, na mtaa ukaitwa Kibiriti.

Nilitumwa kwenda kurekodi furaha ya wananchi, nikaipata. Nilibisha hodi kwa mama mmoja aitwaye Mwatumu, ambaye hutarizi vile vitambaa vyeupe vinavyotandikwa kwenye migongo ya viti maofisini. Mumewe, Haji, alikwenda kutafuta kazi nchi za mbali, na kazi ikamsahaulisha njia ya kurudi. Mwatumu alikuwa amebaki na binti yao mdogo, Mize, wa umri wa kuanza chekechea. Kijumba chao kilikuwa kidogo kiasi kwamba kitanda kiligusa dirisha, na yule mtoto alikuwa akiwaamkia wapita njia wote bila kutoka kitandani. Aliponiona na mashine yangu ya kurekodi, hakuniamkia mimi. Aliiinamia ile mashine, akasema, "Shikamoo, redio." Tulicheka wote, na nikakitia kicheko hicho katika kipindi.

*

Sasa wafadhili wakaja. Mheshimiwa aliwaongoza Kibiriti kwa matarumbeta, akachagua kijumba kilichopakwa rangi vizuri kuliko vyote, akakata utepe, akaingia. Tuseme alianza kuingia. Bega la kulia lilipita, tumbo likaomba kufikiriwa upya, na Profesa Mtarajiwa akakwama mlangoni, nusu yake ndani na nusu yake mbele ya kamera za wageni. Alivutwa na wasaidizi wake kwa mpangilio wa vyeo, wa chini akivuta kwanza. Alipochomoka, koti lilikuwa limepoteza vifungo vyote, na mmoja wa wafadhili akapiga makofi akidhani ni ngoma ya asili.

Kiongozi mwingine angejiuliza kuhusu chakula chake cha usiku. Mheshimiwa wetu alijiuliza kuhusu mlango. Juma halijaisha, nikakabidhiwa Kanuni ya Nyumba Halisi niisome redioni: Nyumba ni mahali ambapo kiongozi wa kawaida anaweza kuingia, kugeuka, kutoa hotuba fupi, na kutoka bila kuvua koti. Mahali pasipotimiza masharti hayo si nyumba. Na kwa kuwa mtu huishi katika nyumba, na Kibiriti hakuna nyumba, basi Kibiriti hakuna mtu.

Niliisoma vizuri mno. Nasikia baadhi ya watu wa Kibiriti, baada ya taarifa, walijipapasa mikono na mashavu kuhakikisha.

Mambo mengine yalijiendea yenyewe. Idara ya Maji ilifunga bomba la Kibiriti, kwa kuwa kupeleka maji mahali pasipo na watu ni ubadhirifu. Gari la taka liliacha kupita, kwa kuwa taka hutoka kwa watu. Shule ya jirani iliwaondoa watoto wa Kibiriti madarasani, si kwa ubaya, bali kwa kuwaelekeza walimu wasiwaite tena. Mtoto ambaye haitwi, mwishowe hurudi nyumbani mwenyewe. Na watu wa Kibiriti, kwa kukosa bomba, walianza kuteka maji katika shimo la zamani la karakana, lililokuwa likisafishiwa mabehewa.

Mize aliugua alfajiri. Kufika saa za mchana, mama yake alikuwa akimwita na yeye hageuzi macho. Mwatumu alimfunga kwa kanga mgongoni, akakimbia naye hospitali.

"Unaishi wapi, mama?" aliuliza nesi wa mapokezi.

"Kibiriti."

"Kibiriti hakuna mtu."

"Na huyu niliyembeba, mwanangu? Hebu mtazame! Hebu mguse tu!"

Nesi alimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Walikuwepo watu wabaya katika nchi yetu, lakini wengi wao walikuwa na ofisi za juu zaidi. "Mama, mimi nakuona," alisema kwa sauti ya chini. "Mfumo haukuoni."

Walikaa kwenye benchi wakisubiri mfumo uwaone. Mtoto alifia kwenye benchi hilo.

Makaburini msimamizi naye aliuliza marehemu alikuwa akiishi wapi. Alipojibiwa, alisikitika sana, akaeleza kwamba sheria ni nyepesi kueleweka: ili mtu afariki, sharti kwanza awe aliishi. Mwatumu akarudi na mwanawe Kibiriti. Majirani walimkosha, wakamvisha sanda, wakamswalia pale pale kati ya mabati, na kumzika chini ya dirisha, kwa sababu hapakuwa na upenyo mwingine wa ardhi mtaa mzima.

Habari hii ilinifikia. Haikuwa habari njema, kwa hiyo haikuwa habari, nami nikasoma siku hiyo kuhusu mavuno ya korosho. Lakini niseme kweli, katikati ya korosho nilimsikia mtu akisema "Shikamoo, redio", nikasita. Fundi mitambo alinitazama kupitia kioo. Studio ilikuwa na mimi peke yangu.

*

Jirani wa Mwatumu alikuwa mzee Shaibu, fundi wa kuwamba ngoma na mpigaji wa kidumbaki wa siku nyingi. Kijumba chake kilikuwa na nafasi ya yeye au ngoma zake, na yeye ndiye aliyekuwa akilala nje. Baada ya matanga alimkuta Mwatumu mlangoni, amekaa tu, sindano mkononi, kitambaa hakiendi mbele wala nyuma.

"Tumepeleka malalamiko wizarani," Shaibu alimwambia. "Karani kageuza uso ukutani. Anasema macho yake ni mali ya serikali, hawezi kuyatumia kumtazamia mtu asiyekuwepo."

"Hakusikia?"

"Kusikia kasikia. Kwani masikio atayafunga kama bomba?"

Mwatumu akaweka sindano chini. "Basi mzee Shaibu, kaza ngoma zako. Kama hatuonekani, na tusikike."

"Tuimbe nini?"

"Tuimbe walivyosema wao. Kwamba hatupo."

Walianza alasiri, saa ile maofisi yamejaa joto na madirisha yote ya Wizara yako wazi. Wanawake walikaa vizingitini, wakapiga makofi. Wanaume walipiga mabati ya kuta zao kwa vidole, taratibu, na ngoma za Shaibu zikaingia chini yake. Hawakuimba kwa hasira, na hilo ndilo lililowatia watu baridi. Waliimba kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Mwatumu alitoa ubeti na mtaa mzima ukaitikia:

*Nimemlaza mwanangu, chini ya dirisha langu,*
*Mwasema hapana kwangu, wala mtoto si wangu;*
*Kama ni uongo wangu, huyu aliaye nani?*

*Hatupo sie, hatupo. Mwasikia ni upepo.*
*Hatupo sie, hatupo. Mwasikia ni upepo.*

Wimbo ulipanda ukuta bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza Wizara ilifunga madirisha. Siku zilizofuata joto liliwashinda, wakafungua. Muda si mrefu wapiga chapa wakawa wanagonga herufi kwa mapigo ya kidumbaki. Mhasibu alikutwa chooni akiimba kiitikio, akadai alikuwa akisafisha koo. Ilitolewa ilani kwamba hakuna wimbo wowote unaosikika, na mtumishi atakayeusikia atapewa likizo bila malipo. Kila mtu akawa hausikii. Na wote wakawa hawausikii kwa wakati mmoja, vichwa vimeinama, kalamu zimesimama, mpaka ubeti umalizike.

Aliyeumia zaidi ni Mheshimiwa. Wimbo ulimwingia akashindwa kuutoa. Alikuwa nao kwenye gari, kwenye bafu, kwenye sala. Akiegemea kiti chake cha uwaziri, alisema, ulikuwa ukitoka kwenye kile kitambaa cheupe cha mgongoni. Akabadilishiwa kiti, mtarizi wa vitambaa akawa yule yule, ukaendelea. Mwishowe, akihutubia mkutano wa mabalozi, nami nikirusha moja kwa moja, alifika mahali pa kusema "wananchi wetu wapo tayari", akasimama, macho yakamtoka, akaimba kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia tena: "Hatupo sie, hatupo." Mabalozi walisimama kwa heshima wakidhani ni wimbo wa taifa.

*

Hatua zilichukuliwa. Kwanza alipelekwa Kamanda wa Polisi na kikosi chake, wakiwa na virungu na gari tupu la kubebea wahalifu. Alirudi na gari tupu.

"Umeshindwa kukamata watu wanaoimba?" alifoka Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, nitakamata nani? Sheria inasema pale hakuna mtu. Nikimkamata asiyekuwepo, nikamweka rumande, rumande itakuwa na mtu. Nitakuwa nimemfanya awepo mimi. Mheshimiwa atanitetea?"

Mheshimiwa aliona hoja ilikuwa nzito, akampandisha cheo ili asiiseme mahali pengine.

Halafu likaagizwa buldoza. Hii ndiyo siku Kibiriti waliyoiogopa, kwa sababu notisi hupewa watu, na wao hawakupewa. Mwatumu alijilaza chini ya dirisha lake, juu ya udongo ule, akakataa kunyanyuliwa na majirani. Mzee Shaibu alipiga ngoma akilia. Buldoza lilikuja likiunguruma mpaka kijumba cha kwanza, dereva akainua lile beleshi, halafu akazima injini ghafla. Alikuwa kijana mkubwa mwenye shingo nene. Alimwelekea ofisa aliyefuatana naye.

"Bosi, umesema pale hapana mtu."

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Soma sheria."

"Basi hiyo sauti ya nani?" aliuliza dereva, akateremka, akaacha funguo zinaning'inia. "Watu ningewabomolea, bosi, ndiyo kazi yangu. Lakini mahali pasipo na watu panaimba? Mie nina watoto nyumbani."

Hapo Baraza lilikutana kwa dharura na kukabili ukweli kwa ujasiri mkubwa. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukiri kwamba Kibiriti kuna watu. Ya pili ilikuwa kukiri kwamba Kibiriti kuna mapepo. Kwa kauli moja walichagua mapepo, kwa kuwa mapepo hayapigi kura, hayahesabiwi kwenye sensa, na hakuna mfadhili aliyewahi kuuliza yanakunywa maji gani. Nilitangaza kwa fahari kwamba nchi yetu ni ya kwanza katika kanda kuyatambua rasmi.

Na pepo, kila mtu anajua, hupungwa.

*

Aliyeitwa ni Bi. Kazija, fundi wa pepo kutoka mashamba ya kaskazini, mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye ushungi mwekundu na haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. Serikali iliamua shughuli irushwe hewani moja kwa moja, ili taifa lione jinsi tatizo linavyoshughulikiwa. Nilipewa mahali karibu na chetezo. Ubani ulinichoma macho, na nashukuru, kwa sababu baadaye nilihitaji kisingizio.

"Mgonjwa nani?" aliuliza Bi. Kazija.

"Mgonjwa ni kiwanja," alijibu Katibu wa Wizara, bwana mwembamba aliyezoea kujibu kabla ya kufikiri. "Kina mapepo."

"Kiwanja hakiugui, baba. Nani anayesikia sauti?"

Maofisa walitazamana viatu. Katika kimya hicho, ng'ambo ya vijumba, mtu aligonga bati kwa kidole, na Mheshimiwa, bila kukusudia, akatikisa kichwa kwa mapigo.

"Ahaa," alisema Bi. Kazija. "Huyu hapa. Mleteeni kiti."

Kwa hiyo Waziri wa Makazi Bora alikalishwa kwenye kigoda katikati ya Kibiriti, akavuliwa koti, akafunikwa shuka jeupe kichwa mpaka magotini. Sinia la halua, mayai na maji ya waridi likawekwa mbele yake. Palikosekana ngoma tu. Bendi ya Taifa ilijaribu, lakini ilijua nyimbo za kupokea wageni peke yake, na Bi. Kazija akainyamazisha kwa mkono. "Mwenye ngoma yake aje nayo," alisema, na mzee Shaibu akajitokeza na kidumbaki. Maofisa wote walitazama juu ili wasimwone.

Ngoma ikaanza. Watu wa Kibiriti walitoka mmoja mmoja wakazunguka kigoda wakiitikia kwa sauti ndogo, na chini ya shuka Mheshimiwa akaanza kutetemeka, mabega kwanza, kisha mwili wote.

Sasa msomaji wa nchi nyingine huenda hajui desturi hii. Pepo hafukuzwi kwa fimbo. Pepo huulizwa. Huulizwa jina lake, alikotoka, na anachotaka, kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni. Akishasema, mgonjwa sharti ayatamke yale maneno kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo ngoma ipumzike. Wataalamu wote wa serikali, katika mikutano yote ile, hawakulikumbuka jambo hili. Walijua tu kwamba mwishoni pepo hutoka.

Bi. Kazija alizunguka na chetezo, akasimama mbele ya Mwatumu. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akatazama na kivuli chake pale chini.

"Pepo huyu kakonda," alisema. "Una jina, pepo?"

"Ninalo. Lakini sikuja kwa jina langu. Nimekuja kwa jina la mwanangu."

"Naye pepo?"

"Serikali ndivyo ilivyosema, bibi."

"Unataka nini basi? Halua? Beberu? Sema, aliyeitiwa ngoma hanyimwi."

"Sitaki halua." Sauti ya Mwatumu ilikuwa imekauka. Nilisogeza maikrofoni, mkono ulisogea wenyewe. "Namtaka huyu aliyekaa kitini alitaje jina la mwanangu. Aseme alikaa wapi. Aseme alikufa kwa nini. Na akisema, mie basi. Sidai kingine."

Katibu alirukia kigoda, akaingiza kichwa ndani ya shuka. Maikrofoni yangu ni nzuri, ilinasa kila kitu. "Mheshimiwa, usiseme! Ukisema alikaa, Kanuni imekufa!"

"Wimbo uko kichwani mwangu, Katibu," sauti ya Mheshimiwa ilisikika, ndogo, yenye machozi. "Unalia humu ndani. Unalia kama mtoto." Kisha akaita, "Bibi! Nikisema, utatoka?"

"Utatoka."

"Nisiposema?"

"Utazeeka nao."

Ngoma ilikuwa bado inagonga. Taifa zima lilikuwa linasikiliza; baadaye niliambiwa kwamba sokoni watu waliacha hata kupatana bei. Bi. Kazija akauliza, kidogo kidogo, kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Jina lake nani?"

Mwatumu akamnong'oneza. Shuka likasema, "Mize binti Haji."

"Alikaa wapi?"

"Alikaa… alikaa Kibiriti."

"Kwa nini alikufa?"

"Tulifunga maji," alisema Mheshimiwa.

Mzee Shaibu akainua mikono kutoka kwenye ngozi. Mwatumu alikaa chini pale pale aliposimama, akalia kama anavyolia mtu yeyote, kwa macho na kwa pua, na wanawake wakamkusanyikia. Mimi nililaumu ubani.

*

Mheshimiwa alipofunuliwa, uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyeamka kutoka usingizi mnono. Wimbo ulikuwa umemtoka. Alimwuliza Katibu wake kama alisema jambo lolote.

"Hukusema kitu, Mheshimiwa," alijibu Katibu, na jibu hilo likawa msimamo wa serikali.

Bomba la Kibiriti lilifunguliwa, likawekewa kibao kinachosema ni sadaka ya maji kwa mizimu. Buldoza liliondolewa, kwa kuwa kubomoa makao ya mapepo kunaweza kuudhi urithi wa taifa. Kanuni ya Nyumba Halisi haikuguswa. Mpaka leo Kibiriti hakuna mtu, na watoto wake wanaoga kwenye bomba hilo asubuhi wakipiga kelele za kutosha mtaa uliojaa.

Lakini lilibaki tatizo la lile jina. Nchi nzima ililisikia. Katibu alipendekeza likanushwe, na Baraza likaona wazo ni zuri, ila mwanasheria mmoja akahoji wananchi watajuaje ni jina gani ambalo halikutajwa. Wanaweza kukanusha jina lisilo lenyewe. Kwa hiyo taarifa iliandikwa kwa ukamilifu, nami nikaagizwa niisome katika kila habari, asubuhi, mchana na jioni, mpaka wananchi wasahau.

Ninaisoma hivi: Serikali inapenda kuufahamisha umma kwamba jina la Mize binti Haji halikutajwa na kiongozi yeyote. Mize binti Haji, mtoto wa umri wa chekechea, hakuwahi kukaa Kibiriti. Hakuwahi kulala kando ya dirisha. Hakufia kwenye benchi la hospitali akisubiri, na sababu ya kutokufa kwake haikuwa maji.

Wananchi hawajasahau bado. Taarifa ikianza, kinyozi huinua mkasi, wauza kahawa hutuliza vikombe vyao, na wazee barazani huvua kofia. Nadhani wanajitahidi kusahau kwa pamoja.

Wiki iliyopita walianza kuja akina mama langoni pa redio. Wametoka mitaa mingine, isiyo na nyumba pia, na mabonde yasiyo na watu, na kambi ambazo hazijawahi kuwepo. Wanasimama kwa adabu, ushungi umefungwa vizuri, na ombi lao ni moja. "Tunaomba na wangu akanushwe, baba. Aliitwa Subeti." "Wangu aliitwa Hamisa, alikuwa ananyonya." Serikali imefurahishwa sana na mwamko huu wa wananchi kupambana na uzushi, na majina yote yameongezwa. Kipindi cha Habari Njema kimekuwa kirefu. Korosho tumeziondoa kwa kukosa nafasi.

Naondoka studio nimechoka, na sauti yangu si ile ya zamani. Nikitangaza sasa, nasikia hakuna anayeanua nguo. Wanazima majiko yao wasikie vizuri. Kuna saa nasoma nikihisi studio imejaa, kwamba nikigeuka nitawakuta wamekaa sakafuni, wadogo, wanasikiliza, kila mmoja akingojea zamu yake. Sigeuki.

Jana Mwatumu alikuja langoni. Alikuwa na kitambaa cha kiti mkononi, anatarizi huku amesimama.

"Mwanangu," alisema, "asubuhi jina la mtoto umelikimbiza. Sikuwahi hata kukaa. Lisome taratibu."

Kwa mujibu wa sheria sikumwona, kwa hiyo sikumjibu. Niliingia studio, nikanywa maji, nikangoja taa nyekundu iwake. Nikalisoma jina la Mize binti Haji taratibu, nikanyamaza kidogo, kisha nikaendelea na wengine.